Baba, Dimbwi la Waliotengwa Lilipogeuka Kijani

Baba mpendwa,

Shikamoo. Hukupenda mtu aanze habari kabla ya salamu, hata kama paa linaungua, kwa hiyo naanza hapo.

Juzi kwenye kikao cha ukoo, mjukuu wako mmoja aliyesoma sana alisimama akasimulia kwamba zamani ulipoteza ng'ombe kwa sababu ya mila za giza, mpaka mimi, binti yako mwalimu, nilipoleta hadubini nikakufumbua macho. Watu walinipigia makofi. Chakula kilikuwa kinapoa na wazee walikuwa na njaa, nikaona si wakati wa kubishana. Lakini habari haikuwa hivyo, wala wewe hukuwa hivyo. Ndiyo maana nakuandikia wazi, ili na yeye asome.

Mdogo wangu Emanueli alipofariki, kabla hajaota hata jino moja, nyumba yetu iliingia kwenye metimani. Vijana wa leo hawaijui. Kwa desturi ya wazee wetu wa Kiiraqw, misiba ya namna fulani, kama huo wa mtoto mchanga, iliaminiwa kuacha unajisi ambao ungeweza kuhamia kwa wengine. Basi nyumba ile ilikaa kando. Watu wake hawakushikana mikono na majirani, hawakuingia kwenye boma la mtu, ng'ombe wao hawakuchanganyika na wa wengine, na maji yao yalikuwa ya peke yao. Wazee ndio waliosema imeanza, na wazee ndio waliosema imekwisha. Ikivunjwa katikati, inaanza upya.

Ulikuwa umebatizwa, na padre alikuja akamwombea mtoto. Nilipokuuliza kwa nini basi tunakaa kama wakoma, ulinijibu bila kugeuka, ukiendelea kufunga mlango wa zizi, "Padre ni wa Jumapili, binti yangu. Jirani ni wa kila siku."

Zamani waliotengwa walikuwa na chemchemi yao chini ya kilima, upande wa bondeni. Lakini miaka ile mashamba ya ngano ya serikali yalikuwa yameshafika. Matrekta yalilima mpaka miguuni pa kile kilima, njia ya mifugo ikawa ngano, na ng'ombe akikanyaga ngano mlinzi alimswaga mpaka ofisini kwao. Wazee wakatutafutia maji mengine. Mto wetu, kama mito mingi ya Hanang, hutiririka masika na kukatikakatika kiangazi. Juu kwenye kivuko walinywesha watu wote. Sisi tulipewa dimbwi la chini, mahali mto unapopinda kabla ya kupotea mchangani. Hakuna aliyetutakia mabaya. Masika yale maji ya dimbwi yalikuwa mazuri kama ya kivukoni.

Hapa nivumilie nifundishe kidogo, Baba. Ulizoea.

Nilikuwa nafundisha sekondari Katesh, kazi ambayo wazee waliniruhusu kuendelea nayo, nikija nyumbani Jumamosi nyingi kwa lori za ngano zilizorudi mashambani. Kila nilipokuja nilichota maji kidogo kwenye chupa ya soda, nikayapeleka darasani, wanafunzi wangu wakayatazama kwa hadubini. Hivyo niliuona mwaka mzima wa ule mto. Masika maji hukimbia kwa nguvu, yana rangi ya chai ya maziwa, mawe yanabingirika, na hakuna kiumbe kidogo kinachoweza kushikilia. Mvua zikipungua maji yanakuwa maangavu, na mawe yanaota utelezi wa kahawia. Mama aliuita uchafu. Ule ni mwani, mmea mdogo ambao macho peke yake hayauoni, na kila mmoja unaishi ndani ya kisanduku chake cha kioo, mwingine kama mashua, mwingine kama kijiti. Huo haumdhuru mtu. Ikifika Juni na Julai, baridi ikiwa kali na mto ukienda polepole, zinatokea nywele za kijani zinazoyumba kwenye maji. Nazo si mbaya, samaki na konokono hula humo. Lakini mto ukikatika, maji yakasimama, jua la Septemba na Oktoba likayapasha, na samadi ya ng'ombe na udongo wa mashamba vikiwa vimetua chini miezi yote hiyo, wale wa kahawia na wa kijani wanashindwa, na anaingia wa tatu. Huyu huelea. Ana rangi ya kijani inayoelekea bluu, kama rangi ya mlango iliyomwagika. Baadhi ya jamii yake wana sumu.

Kivukoni hakuwahi kutokea, kwa sababu pale kuna mwamba na maji hupenya chini yake kidogo kidogo mwaka mzima. Alitokea kwetu.

Ng'ombe wa kwanza alikufa nikiwa Katesh. Wa pili na wa tatu pia. Bwana mifugo alikuja, akaangalia damu imeganda vizuri, akasema si kimeta, akaondoka. Nilipofika Jumamosi ile nilimkuta Mama amekaa mlangoni, mikono imelala mapajani. Nilimwamkia akaitikia, kisha akasema, "Wanatetemeka, wanaanguka. Baba yako anasema ni uleule." Hakulitaja jina la mtoto.

Uleule, yaani unajisi. Na hapo ndipo palikuwa na mtego ambao mjukuu wako hauelewi. Kila ng'ombe aliyekufa, wazee waliona ni ushahidi kwamba metimani haijaisha, hivyo wakaiongeza. Walivyoiongeza, ndivyo sisi tulivyoendelea kunywesha palepale panapoua. Hakuna mtu wa kabila jingine ambaye angekosea hivyo, kwa sababu hakuna mwingine ambaye angekuwa na sababu ya kutii. Na kisima kidogo alichochimba Mama kwa maji ya nyumbani kilikuwa kinakauka. Bado siku chache naye angechota dimbwini.

Jumatatu nilimwomba mkuu wa shule hadubini na ruhusa. Nilirudi nimeipakata kwenye sanduku lake la mbao, huku dereva wa lori akinitania njia nzima, "Mwalimu, huyo mtoto wako mbona halii?"

Niliiweka juu ya kinu kilichogeuzwa, nikakielekeza kioo chake juani, nikadondosha tone. Nikakuita. Ulivua kofia kama unaingia kanisani. Ulitazama muda mrefu, jicho moja umelifumba kwa kiganja.

"Shanga," ulisema.

"Ndiyo, Baba. Zimepangwa kwenye uzi."

"Nzuri." Ukainuka. "Na hizi ndizo zinazoua?"

"Naamini ndizo."

"Basi mbona juzi walikunywa wote wakarudi wazima, na jana akafa mmoja? Shanga za juzi zilikuwa zimefunga?"

Nilikuambia habari ya upepo. Hawa huelea juu kama mafuta. Upepo wa mchana ukivuma, huwasukuma wote upande mmoja, wakajikusanya mahali ukingo ulipo chini, na hapo ndipo ng'ombe wanaposhukia. Siku isiyo na upepo wanatawanyika, ng'ombe anakunywa kidogo tu. Ulikwenda dimbwini peke yako, ukarusha vumbi juu, ukatazama linakokwenda. Nilikuona kwa mbali ukirusha tena na tena. Uliporudi uso wako ulikuwa mgumu kuliko ulivyokwenda.

"Nimeona kinachoua," ulisema. "Wewe hujaniambia aliyekituma."

Baba, nilikuwa kijana, nimetoka chuoni, nilidhani jibu likishaonekana kwenye kioo mambo yamekwisha. Nikapandisha sauti. Nikasema leo jioni tuwapeleke kivukoni, liwalo na liwe. Mama aliinua kichwa. Ukanishika bega, ukanitoa nje ya uzio asisikie, na hapo ndipo uliponiambia jambo ambalo hukulisema tena maishani mwako.

"Nikienda kivukoni, inaanza upya. Unajua maana yake? Tangu tumzike yule mtoto, hakuna mwanamke aliyeingia humu kulia na mama yako. Hakuna hata mmoja. Anatwanga peke yake, analala, anaamka, anatwanga. Ng'ombe nitanunua wengine. Huyu akikaa hivi masika mengine, sitampata."

Nilikuwa nimehesabu ng'ombe, na wewe ulikuwa unamwangalia Mama.

Tulikaa pale kwenye majani makavu. Ngano ilikuwa imeshavunwa, na ng'ambo tuliona vumbi la matrekta yakigeuza ardhi. Kisha ukauliza, taratibu, kana kwamba unajiuliza mwenyewe, "Yale ya chini ya mchanga, nayo yana hao?"

Nikasema hawa wanataka jua. Gizani hawaishi. Mchanga nao huchuja.

"Na ni ya nani?"

Hilo sikuwa na hadubini yake. Alikuwa nayo Mzee Lohay, mkubwa wa wazee wa kijiji, ambaye ndiye aliyesimamia metimani yetu. Asubuhi alikuja kama desturi, akasimama ng'ambo ya korongo, mbali kiasi cha kupaza sauti. Nilimwamkia shikamoo kwa kelele, akaitikia marahaba kwa kelele. Halafu akaona sanduku.

"Mwalimu! Hicho kidude chako kinaona wadudu tu, au hata dhambi?"

"Wadudu tu, babu."

"Basi kirudishe. Dhambi ndizo nyingi."

Ulicheka. Ilikuwa mara ya kwanza nakusikia ukicheka tangu msiba. Kisha ukamwuliza, nawe umesimama wima, blanketi begani: "Mzee, maji yaliyotengwa ni yale yanayoonekana. Kati ya kivuko na dimbwi letu kuna mchanga mkavu. Nikichimba hapo, nikakuta maji ambayo hakuna aliyewahi kuyateka, nimevunja?"

Mzee Lohay aliegemea fimbo. Akatazama juu kivukoni, akatazama chini dimbwini.

"Si yanatoka kivukoni hayo?"

"Hata mvua inatoka juu ya boma lako kabla haijafika kwangu."

"Wewe! Umeanza lini uwakili?" Lakini hakuondoka. Alikaa chini, na alipokaa nilijua anafikiri kweli. Mwishowe akasema, "Maji ambayo hayajatekwa na mtu hayajawa ya mtu. Chimba. Usichimbe upande wa juu wa ule mti ulioanguka. Na ng'ombe akifa tena kwa maji hayo, mwanangu, usiniulize swali jingine. Nitajua, na wewe utajua."

Ndivyo ulivyokubali. Ukaweka kila kitu juu ya lile shimo: ng'ombe, Mama, na jina lako.

Tulichimba sisi watatu, maana hakuna jirani aliyeruhusiwa kutusaidia. Tulizungushia dimbwi miiba. Ng'ombe hawakunywa siku ile wala iliyofuata. Sijasahau sauti yao. Ng'ombe mwenye kiu halii kama mwenye njaa, anatoa mngurumo wa chini usiokatika, huku anakutazama. Mchanga uliporomoka tukauzuia kwa fito. Ulifika kiunoni, ukafika kifuani, bado ni unyevu tu.

Siku ya tatu, upepo wa mchana ulipoanza, ulileta harufu ya dimbwi. Mabaka, yule ng'ombe wako aliyeongoza wengine, alikuja mbio kwenye miiba na kundi lote nyuma yake. Mama alisimama na tawi, akapiga kelele. Mabaka akaingiza kifua miibani, damu ikatoka, hakusimama. Ulitoka shimoni umejaa matope, ukamrukia, ukamfunika kichwa kwa blanketi lako. Akasimama. Alisimama akitetemeka gizani mwa blanketi, na wewe umemkumbatia shingo unamsemesha kwa Kiiraqw kama unavyosema na mtoto. Kundi likasimama naye. Ukanipigia kelele, "Wewe chimba!"

Maji yalitoka alasiri. Machafu kwanza, kisha yakatulia. Nilileta hadubini palepale mchangani, na kwa haraka nikapasua kioo kimoja. Nikaona visanduku vichache vya kahawia na chembe za mchanga. Shanga hamna.

"Hamna," nikasema.

"Kwa hiyo ni salama?"

Nilitaka kusema ndiyo. Lakini ulinifundisha kutosema nisichokijua, na hadubini inaonyesha kiumbe, haionyeshi sumu yenyewe iliyoyeyuka. Kama ilikuwa imepenya mchangani kutoka dimbwini, nisingeiona. Nikakuambia hivyo. Nilidhani utakasirika.

"Kumbe na wewe unaamini tu," ulisema. Hukusema kwa kejeli.

Ukaamua anywe mmoja kwanza. Mama akaonyesha ndama mgonjwa, ili hasara iwe ndogo. Ukakataa. "Huyo akifa watasema alikuwa mgonjwa, na mimi nitasema alikuwa mgonjwa. Aje Mabaka." Ulijaza debe, ukamimina kwenye gogo lililochongwa, ukamwondolea blanketi. Alikunywa bila kuinua kichwa. Kisha tukangoja.

Wale waliokufa walianza kutetemeka kabla kivuli hakijasogea sana. Kwa hiyo tulitazama miguu yake. Mama alikuwa ameshika rozari lakini vidole haviendi. Ng'ambo, Mzee Lohay alikuwa amerudi, na nyuma yake watu kadhaa. Mabaka aligeuka akatutazama. Mguu wa nyuma ukatikisika. Alikuwa anafukuza nzi.

Kivuli cha mti ulioanguka kilipofika shimoni, alianza kula majani. Ukachukua debe. "Lete wengine," ulisema. Tulinywesha mpaka giza lilipoingia, wewe shimoni, mimi katikati, Mama kwenye gogo.

Hakufa mwingine. Tulinywesha kwa debe mpaka mvua za vuli zilipoanza. Mto uliteremka mwekundu, ukazoa dimbwi zima na shanga zake, kama unavyofanya kila mwaka. Mzee Lohay akasema metimani imekwisha.

Siku hiyo uliwapeleka ng'ombe kivukoni. Watu walikuwepo na mifugo yao, na walipotuona walianza kuyaondoa makundi yao taratibu, si kwa chuki, kwa hofu. Ulisimama. Ningekuwa mimi ningerudi. Mzee Lohay akashika fimbo yake, akawaingiza ng'ombe wake mwenyewe majini, ubavu kwa ubavu na Mabaka, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Mnangoja nini? Maji yanapita." Wakarudi mmoja mmoja.

Lakini hayo nayo hayakuwa mwisho, ingawa mjukuu wako angependa yawe. Tulirudi nyumbani. Mchana wanawake walikuja. Walisimama kwanza nje ya uzio, kwa mazoea. Mama alitoka na mchi mkononi, akawaangalia kama hawajui. Kisha jirani yetu wa juu, yule mnene aliyependa utani, akaingia, akamnyang'anya mchi akautupa, akasema, "Mama Emanueli, tumechelewa." Akamkumbatia. Na Mama, ambaye hakuwa ametoa chozi mbele yangu miezi yote ile, alilia kwa sauti iliyowatoa kuku mbio uani. Wakalia naye wote, wamekaa chini, mpaka jua likaanza kushuka.

Wewe ulikuwa nje ya zizi. Nilikufuata. Ulikuwa umeegemea uzio, unasikiliza. Nikataka kukuambia kwamba ni mvua iliyosafisha dimbwi, kwamba kila kitu kina maelezo, nayo ni ya kweli mpaka leo, ningeweza kuyatoa mbele ya mtu yeyote. Nikaona uso wako, nikayaacha.

"Wasikie," ulisema. "Wameingia."

Mashamba yale ya serikali yamekwisha kuwa ya watu wengine. Metimani hakuna tena, na nyumba nyingi zina bomba. Nimestaafu kitambo, na miguu yangu inanisumbua. Bado kila Oktoba namtuma mtu aniletee maji ya kwenye kona ile kwenye chupa, na bado naziona shanga. Nimewafundisha wengi habari zake. Wanaandika haraka haraka, wanajua majina kuliko nilivyoyajua mimi. Wanaporidhika na jibu la kwanza, huwauliza swali lako, aliyekituma ni nani, nao hucheka. Huwa nawaacha wacheke, kisha naendelea kuwangoja wajibu.

Mjukuu wako ni mtu mwema, Baba. Nitampa barua hii Jumapili baada ya ibada, nimkalishe aisome mbele yangu, kisha nimwambie jinsi Mama alivyolia siku ile. Pumzika salama huko mlikolala wewe na Mama na mtoto wenu.

Ni mimi, binti yako, mwalimu.